Kasia za Ndege

Watu wakisikia kwamba nilikaa masika nzima Mbinga nikipima ubora wa ndege, hunitazama viatu kwanza, halafu uso. Siwalaumu. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, sijawahi kupanda ndege, na ndege yenyewe haikuwepo. Ilikuwa ndani ya kompyuta.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa na nusu yake hakikuwa kinafanya kazi. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamejaa mjini, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Mitumba haikuwa nguo tena, ilikuwa friji, redio, injini za boti, na kompyuta, ambazo moja yake niliinunua nikaiweka kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu ili nichape barua za watu na mitihani ya shule. Umeme ukiwepo nilichapa. Usipokuwepo niliitazama tu.

Mzungu mmoja aliyewahi kufundisha nasi kwa kujitolea alikuwa amerudi kwao, na huko yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza ndege za mchezo wa kompyuta, ule wa kujifunza urubani ukiwa umekaa kwenye kiti. Mchezo unauzwa na ndege zake. Wao walitengeneza ndege ya nyongeza unayoipachika humo. Hii ya kwao ilikuwa ya injini moja ya tabaini, yaani injini ya ukoo wa jeti, lakini inayozungusha pangaboi puani. Ndege za aina hiyo ndizo zinazotua kwenye viwanja vyetu vya nyasi. Alinitumia CD na fotokopi ya kitabu cha rubani. “Wewe unaishi zinakotua,” aliandika. “Ijaribu, kisha utuambie ukweli.”

Ukweli ni kwamba ilikuwa kero tupu.

Kitabu kilisema injini ile huwashwa kwa subira. Unaizungusha kwanza kwa betri, unangoja ishike kasi, ndipo unafungua mafuta. Ukiwahi kufungua, joto linapanda na injini yenye thamani ya kahawa ya kijiji kizima inaungua. Mimi nikawahi makusudi. Mshale wa joto ukatulia kama mbuzi aliyeshiba. Nikafungua mafuta kabla hata ya kuizungusha, na ikawaka! Kitabu kilisema tabaini haina haraka ya kujibu: unasukuma mkono wa nguvu, unangoja kidogo, ndipo inavuta. Hii ilijibu papo hapo kama pikipiki. Na mlio wake, naapa, ulikuwa wa mashine ya kusaga mahindi. Niliandika kasoro zake kwa hasira ya mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtoto wa mkubwa, anayejua kwamba mtoto atafaulu tu.

Haya yote yangebaki kuwa wazimu wangu mwenyewe kama mama asingeletwa kwangu kutoka Ngumbo, kijijini kwetu kando ya ziwa.

Mama alikuwa na uvimbe shingoni tangu tukiwa wadogo, na sisi tuliuona kama sehemu ya sura yake. Mwaka ule ulianza kukua kwa ndani, ukambana koo. Alilala ameketi. Akitembea kutoka jikoni hadi barazani ilibidi apumzike, na ule mluzi wa pumzi yake niliusikia nikiwa chumba kingine. Daktari wa hospitali ya milimani hakuzunguka: afanyiwe operesheni Dar es Salaam, na asisafiri kwa basi, maana akibanwa katikati ya matope hakuna atakayemsaidia. Kulikuwa na ndege ya madaktari, ya aina ile ile ya kwenye kompyuta yangu, iliyokuwa ikitua kando ya ziwa, upande wa Lundo, kwa kuwa huku juu mawingu yalikuwa hayaondoki. Kulikuwa na nafasi yake, na ya mtu wa kumsindikiza.

“Ina injini ngapi?” mama aliuliza.

“Moja, mama,” daktari akasema.

“Basi siendi.”

Daktari alinitazama mimi kana kwamba nimemfundisha mimi. Sikuweza kumweleza pale pale. Baba alikuwa mmoja wa watu wa kwanza ufukweni kwetu kununua injini ya boti, ya mtumba, mara tu vitu vilipoanza kuingia. Kwetu hakuna chombo kinachotoka bila kasia, hata kiwe na injini mpya kiasi gani. Ni jambo ambalo watu hawalisemi kwa sababu kila mtu analifanya. Baba alilivunja kwa majivuno. “Mwenye mashine hapigi kasia,” alikuwa akisema, na watu wakacheka. Siku moja alitoka peke yake na magunia ya mchele, mwera ukaanza kuvuma, ule upepo wetu wa kusini, na hakurudi. Boti iliokotwa ng'ambo, tupu. Waliojua mashine walisema injini ilikuwa imekufa zamani kabla maji hayajaingia. Kasia zake zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nyumbani kwetu, na mama hakuruhusu mtu aziondoe.

Sasa mimi nina kichwa cha mwalimu. Mtu asiposadiki, unamfanyia jaribio mbele ya macho yake. Kitabu kilisema waziwazi kwamba ndege ile ikizimika injini haianguki. Rubani anavuta mkono fulani, mapanga ya pangaboi yanageuka, yanauelekezea upepo makali badala ya ubapa, na ndege inateleza taratibu kwa mwendo mrefu hadi ipate pa kutua. Hapo nikaona jibu lote la mama. Nikamketisha mbele ya kompyuta na mto mgongoni, nikaruka juu ya ziwa hadi nikawa juu kuliko milima ya Umatengo, nikamwambia, “Sasa tazama, mama. Nazima injini.”

Nikazima. Nikavuta ule mkono. Kwenye picha mkono ukasogea vizuri kabisa, lakini mapanga hayakugeuka hata kidogo. Yaliukabili upepo kwa ubapa kama mlango, na ndege ikaelekea chini kama jembe lililotupwa. Skrini ikawa ya bluu, kisha yakaja maandishi.

“Imesemaje?” mama akauliza.

“Imesema tumeanguka.”

“Mimi nimeona.”

Nilirudia. Nilirudia nikiwa juu zaidi, polepole zaidi, kwa kasi zaidi. Nilifungua faili za ile ndege nikabadilisha namba nisizozielewa, na safari iliyofuata ikaanguka kwa kurudi nyuma. Mama alikaa na khanga yake magotini, akatuona tukifa ziwani kila mara, na kila mara aliguna kidogo kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Jasho lilinitoka. Nilitamani kumshika aliyeitengeneza nimkalishe kwenye kile kiti, asikilize pumzi ya mama yangu huku akinieleza kwa nini alichora mkono ambao hauvuti kitu.

“Mama, hii ya kwenye kompyuta ni mbovu,” nikasema. “Ile ya kweli inateleza.”

“Ya kweli umeijaribu?”

“Sijaijaribu.”

“Kwa hiyo uliyoijaribu ni mbovu, na ambayo hujaijaribu ndiyo nzima.” Alipumzika kwanza ili apate pumzi ya kumalizia. “Mwalimu, unajisikia unavyosema?”

Nilikasirika kweli. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia baba aliye majini, na nikashindwa kula. Kesho yake nilipanda gari hadi Songea kwenye mtandao, kwa sababu Mbinga mtandao ulikuwa wa kusubiri hadi uote ndevu, nikamwandikia yule Mzungu barua pepe ndefu. Kasoro zote, na ya mapanga kwa herufi kubwa. Alijibu kwa adabu sana. Alishukuru. Kuhusu mapanga alisema wanalijua hilo, ila si jambo la haraka, kwa kuwa wateja wao wengi hawazimi injini wakiwa angani.

Hawazimi! Kana kwamba injini huomba ruhusa kwa mteja.

Nyumbani mluzi wa pumzi ulizidi. Daktari alituma ujumbe kwamba ndege inakuja, na haijulikani lini itarudi tena. Nilimwambia mama kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kuitumia kwamba asipokwenda nitamzika mimi mwenyewe, na kwamba nimechoka kumsikiliza anavyokufa huku akiongelea injini. Alinitazama bila hasira.

“Nitashuka nikaione,” akasema. “Kuiona tu.”

Tukashuka hadi Lundo kwa Landrova ya hospitali, mimi nimemshika mabega kila kona. Ndege ilikuwa imeshafika, imesimama kwenye nyasi, na wauguzi walikuwa wakishusha makasha ya chanjo. Rubani, kijana wa Kitanzania mwenye shati jeupe lililoloa mgongoni, alikuja kwetu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Kasia zako ziko wapi?”

Nilitamani ardhi inimeze. Rubani hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza mimi kwa macho, na mimi nikamweleza haraka haraka habari ya baba, injini na kompyuta, kwa maneno yaliyokanyagana. Akamshika mama mkono, akamtembeza polepole hadi kwenye pua ya ndege.

Nami nikaona kabla hajasema neno. Mapanga yalikuwa yamegeuka. Injini ikiwa imezimwa, yalisimama makali mbele, membamba, kana kwamba hayapo. Kwa ile ya kwangu, hata ikiwa imeegeshwa, yalikuwa yametoa ubapa wote. Kumbe kasoro ile ilikuwa inaonekana hata kabla ya kuruka, na mimi nilikuwa nimeipita kila siku!

“Injini ikifa, mama, haya yanajigeuza hivi,” rubani alisema. “Hayapigani na upepo. Tunateleza. Hii ndiyo kasia yangu.”

Mama alipitisha kidole kwenye makali ya panga moja. Alifanya hivyo kama anavyokagua samaki sokoni, bila haraka, huku mluzi ukitoka. Kisha akaniambia, “Wewe utakaa karibu yangu.”

Nilikuwa nimeanguka na ndege mara nyingi kuliko mtu yeyote wilayani, na sikuwa nimewahi kuketi ndani ya mojawapo. Mama alinifunga mkanda mimi.

Ili kuivuka milima ilibidi kwanza tupande juu ya ziwa, tukizunguka. Mimi nilitazama mishale ya rubani, kwa sababu mishale niliizoea, na niliona kwa uchungu kwamba ule wa joto unatembea kama kitabu kilivyosema. Mama alitazama dirishani. Alinivuta shati.

“Ule ni mtumbwi?”

Nikainama. Chini kulikuwa na maji mengi sana, na juu yake mtumbwi mmoja, mwembamba, na mtu ndani yake.

“Ni mtumbwi, mama.”

“Na yule ni mtu.”

“Ni mtu. Nadhani anatutazama.”

Ndege iligeuka, mtumbwi ukahamia dirisha la pili, naye akageuka nao, shingo ile nzito na yote, asiupoteze.

“Kumbe anaonekana,” akasema. “Hata kwa mbali hivi. Kumbe kama mtu angepita huku juu siku ile, angemwona.”

Niliushika mkono wake, naye akauacha ushikwe, na machozi yalimtoka bila sauti hadi milima ilipolifunika ziwa.

Operesheni ilikwenda vizuri. Mama alirudi Ngumbo na kovu shingoni na sauti ambayo sisi watoto wake hatukuwa tumewahi kuisikia, nyepesi, na jambo la kwanza alilofanya ni kumpa jirani zile kasia.

Mimi nilirudi kwenye kompyuta nikamalizie tathmini yangu. Niliwasha ile ndege mbovu, nikazunguka juu ya ziwa pale pale tulipozunguka, nikatazama chini kwa muda mrefu. Kisha nikaongeza kasoro moja mwishoni: ziwa ni tupu, hakuna hata mtu mmoja majini. Yule Mzungu alijibu kwamba hilo halihusu ndege.