Mgeni wa Mwaka wa Pili

Wasomaji wangu, juma hili tumemzika Mtoni mama mmoja aliyekuwa mpishi wa bwalo la chuo chetu, huku huku Temeke, miaka ile ya Ujamaa. Magazeti hayakumtaja, nami sishangai, maana sisi waandishi tunapenda wakubwa. Lakini bila mama huyo nisingemaliza chuo, na safu hii mngeisoma kwa mtu mwingine.

Kwenye dirisha la chakula alikuwa na swali moja: "Mgeni au mwenyeji?" Wageni, yaani wa mwaka wa kwanza, walipakuliwa mwanzo na kuongezewa maharage. Mwaka wangu wa kwanza nilishiba, nikapokewa kwa ngoma na hotuba, kila mtu akiniita ndugu. Wa pili ulipoingia, hotuba zikawa za wengine. Wenzangu wa chumbani walihamishiwa bweni jingine, walimu wakadhani nimeshazoea, kumbe nilikuwa mpweke kuliko siku niliyoshuka basi kutoka Newala. Nikafunga sanduku, nimeazimia kurudi kwa baba Jumamosi nikalime korosho. Ijumaa mchana nikasimama dirishani na, kwa njaa na ukaidi, nikasema, "Shikamoo mama. Mgeni."

"Marahaba. Mgeni wa wapi wewe? Si mwaka mzima nakupakulia hapa?"

"Mie sina mwenyeji hapa, mama." Foleni nzima ilinisikia. Niliona aibu kweli.

Akaweka upawa chini. "Unamtafuta mwenyeji gani tena? Wenyeji ndio nyie! Pita huku jikoni, shika sahani, uwape wageni wako."

Nikagawa hadi sahani ya mwisho, kila mmoja nikimuuliza jina na kwao, nami nikala baada ya wote. Jumamosi asubuhi wawili kati yao walinigongea mlango niwapeleke posta. Sanduku nikalifungua. Vyuo vyetu leo vinajua kupokea, na ni vizuri, ila aliyekwisha kupokewa tunamsahau. Huyo hahitaji hotuba nyingine. Mpeni kazi, na wageni awakaribishe yeye.

Matangani, mjukuu wa marehemu, asiyenijua, aliniletea sahani ya pilau. "Shikamoo babu, karibu. Wageni mnakula kwanza."

Nikaipokea, nikampa jirani yangu, nikakunja mikono ya shati na kuelekea uani kwenye masufuria. "Marahaba, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mie mwenyeji."