Dawa ya Pamba Mgongoni mwa Ng'ombe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnaopenda kuwaita bibi zenu wachawi, fungeni midomo msikilize. Shule niliiacha mapema, lakini jambo hili nalijua.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipojitoa kwenye biashara ya pembejeo na dawa za mifugo. Josho letu la kuogeshea ng'ombe huku Usagara likakauka, kupe wakajaa kwenye ng'ombe. Dawa ya pamba ikawa inauzwa barabarani kwenye chupa za soda, bila maandishi. Shemeji yangu akamletea mume wangu chupa.

"Kaka, inaua wadudu wa pamba, itashindwa kupe?"

Mume wangu akawapaka ng'ombe kwa mikono mitupu, juani. Kabla hajamaliza, akaanguka. Mate, machozi, jasho, vyote vilimtoka pamoja. Nyama za mapaja zikarukaruka chini ya ngozi, pumzi ikakoroma.

Shemeji akaninyooshea fimbo mbele ya majirani. "Mfungue kaka yangu, mchawi wewe! Macho yako mekundu hayo tunayajua."

"Ni moshi wa mavi ya ng'ombe ninayopikia ugali unaokula wewe. Toka njiani."

Yeye alitaka mganga. Mimi nikampakia mume wangu kwenye lori la pamba, chupa nimeifunga kwenye kitenge, mpaka hospitali mjini.

Daktari, mtu wa Kagera asiyejua kucheka, alinusa chupa akaanza kunigombeza huku anachoma sindano. "Mama, mishipa ya fahamu haigusani. Kati yake kuna upenyo. Mmoja unamwaga kemikali, wa pili unaipokea, ndipo mate yanatoka au msuli unavuta. Kisha kuna kitu cha kuifagia, ujumbe ukome. Sumu hii imemuua mfagiaji. Ujumbe haukomi!"

Nikaelewa. Ni kama ng'ombe aliyekwisha kufika zizini, na bado anachapwa aende.

"Na sindano?"

"Inaziba masikio ya upande wa pili, mpaka mfagiaji mwingine apatikane. Ungechelewa kwa mganga, ungezika."

Mume wangu alirudi nyumbani amekonda, mzima. Nilirudia maneno ya daktari uani, watu wote wakisikia. Shemeji akatema mate chini.

"Na daktari naye umemroga?"

Niligeukia wanangu na wake zao. "Kuanzia leo kupe mtawatoa kwa vidole. Na huyu, akija, asipewe kiti wala maji ndani ya boma hili."