Miguu ya Baba, kutoka Furu hadi Mutwanga

Nilitoka Butembo kwa sababu ya miguu ya binti yangu Neema. Ana miaka mitatu, na tangu aanze kutembea magoti yake yamekosana, kila moja linakwenda upande wake. Yangu pia ni hivyo. Ninyi mnaonijua hapa mtaani Furu, ninakoshonea nguo, mwendo wangu mnaujua: nayumba kulia, nayumba kushoto, na nafika. Marehemu baba alitembea vilevile. Nyumbani tulisema ni njaa ya wakati wa vita. Lakini Neema ni mtoto wa kula maharagwe na kuomba tena. Niliposikia daktari wa mifupa amefika Beni kwa wiki mbili, nikafunga mashine yangu ya kushonea.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda taxi ya Papa Hamadi, msafirishaji wa Beni.

«Mama Neema, ikala mbele, unyooshe miguu.»

«Papa Hamadi, hii haiko ya kunyooka!»

Akacheka mpaka Neema naye akacheka. Kwenye barrière, kizuizi cha askari, abiria wote tulishuka, tukavuka kwa miguu. Askari alitutazama mimi na binti yangu tukiyumba pamoja, akasema kwa Lingala, «Malembe, mama.» Polepole. Kwani nilikuwa na namna nyingine?

Beni tulikuta joto, na foleni ndefu hospitalini. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimtembeza Neema, kisha akanitembeza mimi, akaangalia picha za mifupa na vipimo vya mkojo.

«Mama, hii hapana njaa,» alisema. «Mwili yenu inatupa phosphore, chakula ya mifupa, mu mukojo, mifupa inabakia laini. Ni ugonjwa ya kuzaliwa nayo. Hiki kitoto kikianza dawa sasa, miguu inaweza kunyooka. Wewe, dawa itapunguza maumivu.»

Nikamweleza habari za baba.

«Donc, kama baba alikuwa nayo, batoto banamuke bake bote bako nayo. Uko na dada?»

«Hapana. Niko peke yangu.»

Jibu hilo halikunikaa vizuri. Siku ya matanga ya baba, mwanamke mmoja alikuja na moto, yaani pikipiki, kutoka Mutwanga, akasema yeye ni mtoto wa marehemu. Jina lake Kahindo. Baba mkubwa, kaka wa baba, alimfukuza pale barabarani kabla hajashuka. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikufungua mdomo.

Kesho yake saa mbili nilikuwa juu ya moto kuelekea Mutwanga, Neema katikati yangu na motard aliyeendesha. Kakao ilianikwa kandokando ya barabara, na milima ya Ruwenzori ilikuwa imejificha katika mawingu. Sokoni niliuliza Mama Kahindo yuko wapi. Muuza ndizi hakuuliza Kahindo gani. Alinitazama miguu, akasema, «Yule mwenye kutembea sawa na wewe? Chini, ku mutoni.»

Nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa anapanda kutoka mtoni na bidoni la maji kichwani: kulia, kushoto, kulia. Ulikuwa mwendo wa baba kabisa. Naye aliponiona nikishuka, alisimama, akatua bidoni.

«Wewe ni ule wa mulangoni,» akasema.

«Ni mimi. Yaya, dada yangu, unisamehe. Nilinyamaza.»

Alimwinamia Neema, akamshika magoti.

«Batu bananiambia tulilogwa,» alisema. «Niko na kadogo, Aline. Kanaanza kutembea, mi naogopa kuangalia.»

Nikamwambia maneno yote ya daktari. Akaketi juu ya jiwe, akalia kidogo, halafu akauliza, «Ile docteur bado iko?»

Tulilala kwake, tukala sombe, majani ya muhogo, na samaki. Asubuhi tukateremka Beni na moto mbili. Daktari alimpima Aline na kusema huyu naye anao ugonjwa huu, ila mifupa haijapinda sana, tumewahi. Tukapewa dawa za watoto wote wawili, na amri ya kuzinywesha mara nyingi kwa siku bila kuruka.

Jioni tulifika Butembo, wanawake wanne, wakubwa na wadogo. Nilikuwa nimemwomba Kahindo apite kwanza. Baba mkubwa alikuwa uani kwake. Alimtazama, mdomo wazi, akivuka ua wote kwa mwendo wa baba, hatua kwa hatua. Kisha mzee huyo akainuka kwenye kiti chake.

«Siku ile hukushuka ku moto,» alisema.

«Hamukuniacha nishuke.»

Mzee akainamisha kichwa. Akakisukuma kiti mbele. «Ni kweli. Ikala, mutoto yangu. Hapa ni kwenu.»

Nilikwenda kutafuta dawa, nikarudi na dada. Nimejifunza pia kwamba sikuwa na haja ya daktari ili kufungua mdomo siku ile ya matanga. Kahindo ameshakaa kwangu wiki nzima sasa, na tukienda sokoni pamoja, tukiyumba sambamba, watu wa Furu wanatupisha njia.