Koti la Kusemea

Katika miji yote niliyopitia maishani, hakuna niliouingia nikiwa nimevaa vizuri kama Kolwezi. Nilitoka mkoa wa Kasai na cheti cha sekondari na koti la marehemu baba, la sufu ya bluu. Ndani ya treni nilikaa juu ya gunia la mahindi la mama mmoja hadi Kamina, kisha hadi Tenke, ambako tulingoja kichwa kingine cha treni mpaka watoto wakachoka kulia. Jasho lilinitoka njia nzima, lakini koti sikulivua.

Nikapata ukarani katika ofisi ya serikali. Miaka ikapita, migodi ikaanza kufa, na mshahara ukawa habari ya kusikia tu. Wenzangu waliuza suti zao, mmoja baada ya mwingine. Mimi koti sikuliuza, na hapo ndipo desturi yetu ilipozaliwa: karani yeyote aliyekwenda kusema mbele ya wakubwa kwa niaba ya chama chetu alivaa koti langu. Lilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango, na nililipiga pasi mwenyewe.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka mji mkuu kuuliza vyama vya wafanyakazi wa serikali: iundwe tume ya mishahara? Nani akae ndani yake? Niliwaza jambo hilo hadi usingizini. Nilitaka makarani wa miji ya mbali wapate kiti katika tume, na nilitaka niliseme mimi, kwa Kifaransa changu nilichokitunza kama lile koti.

Chama kikamchagua jirani yangu wa meza akaseme yeye: mzaliwa wa Mutshatsha, mji wa mkoa uleule wa Kolwezi, mrefu, mcheshi, ambaye hakuwahi kugonga muhuri ukanyooka.

"Tata, usikasirike," mwenyekiti aliniambia. "Kifaransa unajua, hatukatae. Lakini siku hizi mutu wa Kasai akisimama kusema ju ya Kolwezi, batatucheka."

"Na koti je? Nalo si la Kasai?"

"Koti iko ya Kolwezi," akadakia jirani yangu, na ofisi nzima ikacheka.

Mikono ya koti ilikuwa mifupi kwake. Mke wake akafumua pindo akaishusha, bila kuniuliza. Siku ya mkutano nilikaa benchi la nyuma, nikilitazama koti la baba limesimama mbele ya wageni.

"Batata," aliwaambia akina baba wale, "hii tume iko sahani. Sahani tunashukuru. Sasa bukari ya kutia ndani itatoka wapi?"

Wageni, walaji wa ugali kama sisi, walicheka mpaka wakavua miwani. Habari ya kiti aliisema pia, kwa sentensi moja, wakaiandika, wakaahidi kurudi kwa majibu. Jioni hiyo sikula. Nilimwonea wivu urefu wake, mke wake na sindano yake, hata Mutshatsha yake, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia arudi kwao.

Wageni hawakurudi. Waliokuja ni vijana, nyumba kwa nyumba, wakituamuru watu wa Kasai turudi mkoani kwetu. Tulihamia stesheni na familia nyingi, tukinyeshewa, tukingoja mabehewa.

Siku treni ilipofika, jirani yangu alipita katikati ya sufuria na magodoro yetu, koti likiwa begani mwake.

"Chukua, ndugu. Iko yako."

"Na wale wageni wakirudi, utavaa nini?"

"Nitasema na shati tu."

Hakuwa anajisifu. Hilo ndilo lililoniuma, maana nilijua wangemsikiliza.

Nililivaa. Mikono ilinifunika mpaka kwenye ncha za vidole. Treni ilipoanza kuondoka alinipungia, nami nikampungia kwa kitambaa kitupu, kiganja kikiwa ndani. Yeye alibaki stesheni na shati lake lililolowa, hana haraka, kama mtu aliyesimama uani kwake.