Injini Aliyoiita Mama

Kila nikisikia harufu ya oili chafu, wivu wangu wa utotoni unaamka.

Tulikuwa tunakaa Mlowo. Baba alikuwa ameshusha injini ya pikapu yake uani, na mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma upande wa Iyula. Hakutaka kumwita jirani amsaidie kuiingiza ndani. Alitandika maganda mabichi ya mgomba hadi sebuleni, akaipandisha injini kwa mtaimbo juu ya mlango mbovu alioulaza kwenye maganda hayo, akaufunga kamba, akajizungushia kiunoni na kuuvuta kinyumenyume. Ukateleza.

“Taratibu, mama,” aliibembeleza injini. “Tunafika, mama yangu.”

Mama lilikuwa jina langu! Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake mzazi. Na asubuhi ileile, nilipomwomba anibebe, alisema nimeshakua, nitembee.

Ilipofika ndani, akachukua blanketi langu, akaifunika.

“Baba, hilo langu.”

“Kaa pembeni, itapata unyevu.”

Mvua ikashuka. Nikatoka uani, nikasimama palepale injini ilipokuwa, nikaloa chapachapa, nikisubiri aje anivute.