Ripoti ya Wanyange

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili msomaji asidhani anasimuliwa na mtu mkubwa. Lakini katika ile miaka ya hamsini, pale Jinja, nilipewa kazi ya kufundisha askari jela kuandika ripoti, kwa kuwa nilijua Kiswahili cha kuandika na kwa kuwa hakupatikana mwingine.

Walikuwa kumi na mmoja. Bwana ofisa wa jela aliniambia wanasoma kama watoto wa darasa la pili, na aliyasema hayo mbele yao. Walikuwa watu wazima, wengi wa kaskazini, wengine Wagisu na Wateso, wenye watoto waliowapita kusoma. Zamani karani ndiye aliyeandika ripoti zote: askari alisimulia, karani akapanga. Sasa amri ilikuwa imetoka kwamba kila askari aandike yake kwa mkono wake, na asiyeweza asahau kupanda cheo.

Tulisomea bwaloni, saa kumi alasiri, baada ya wafungwa kuhesabiwa. Kusoma neno waliweza, polepole, kidole kikitangulia. Kilichowashinda ni mpango. Waliandika ukurasa mzima bila kupumua, asubuhi na jioni zimebanana pamoja. Nikawaambia, "Aya ni seli. Asubuhi ina seli yake, mchana una seli yake. Kati ya seli na seli weka ukuta." Hapo walicheka, na nadhani walielewa. Huo ukuta, yaani ile nafasi tupu, waliupenda mno. Wengine waliupima kwa rula.

Yale maneno ya wakati yalikuwa magumu zaidi: kabla, baada ya, wakati, ndipo. Wakiyasema mdomoni hawakosei. Wakishika kalamu yanapotea yote. Basi siku moja nilikata vipande vinne vya karatasi, nikaandika kwenye kila kimoja sentensi ya habari moja: mfungwa alivunja dirisha, askari alipiga filimbi, koplo alikuja mbio, bwana ofisa alifika. Nikawapa watu wanne, nikawaambia wajipange kama mambo yalivyofuatana.

Haikupita dakika, mstari umenyooka kama gwaride. Mbele kabisa alisimama mwenye kipande cha bwana ofisa. Nyuma yake koplo, kisha askari. Mwisho, karibu na mlango, mfungwa na dirisha lake.

"Lakini bwana ofisa alifika mwisho," nilisema.

Aliyenijibu alikuwa koplo kweli, mkubwa wao kwa cheo. "Mwalimu, wewe nataka afande simama nyuma ya mfungwa?"

"Si kusimama, koplo. Ni habari tu."

"Hata habari. Ofisa kwanza."

"Mwacheni mwalimu," mwingine alidakia kutoka kwenye benchi la nyuma. "Kwao mgeni nakula kwanza, akishiba ndiyo nabisha hodi."

Bwalo zima likaangua kicheko. Nilipaswa kubishana nao. Badala yake nilicheka, nikasema basi leo tuache hivyo, tutarudia kesho. Kesho sikurudia. Nilimwogopa koplo, huo ndio ukweli, ingawa sina budi kusema kwamba hakuwahi kunitisha hata mara moja.

Kati yao alikuwako askari mmoja wa kaskazini, mtu mzima kuliko wote, miaka kumi na miwili kazini, na mke na watoto watano katika nyumba ya kambini. Ndiye aliyejitahidi kuwapita wenzake. Mwezi wa pili wa darasa, yeye na koplo walipeleka wafungwa kukata nyasi Wanyange, karibu na ziwa, na mfungwa mmoja akatoroka. Askari huyu akaandika ripoti kwa mkono wake, ya kwanza maishani mwake, akaniletea bwaloni kabla ya kuipeleka ofisini.

"Mwalimu, tazama ukuta."

Nikatazama ukuta. Aya nne, nafasi safi, herufi zimesimama wima. "Vizuri sana, bwana," nikamwambia. Sikuisoma. Niliiangalia kama mtu anavyoangalia shati lililopigwa pasi, nikamrudishia.

Baada ya siku tatu aliitwa na bwana ofisa. Aya ya kwanza ilisema bwana ofisa alifika Wanyange kwa motokaa. Ya pili, koplo alipiga filimbi. Ya tatu, kwa maneno yake mwenyewe, "mimi nilinunua samaki kwa wavuvi, mimi nilikimbia kutafuta." Ya nne, mfungwa alitoroka. Ukiisoma karatasi ile kama ilivyo, mfungwa alitoroka huku bwana ofisa amesimama pale anatazama. Bwana ofisa hakuona kosa la mpango. Aliona uongo, tena uongo wa kumchafua yeye. Simlaumu. Mimi pia ningeona hivyo, kama ningesoma.

Mtoro alikamatwa wiki ile ile kwa shemeji yake, lakini jambo halikuwa tena mtoro. Jambo lilikuwa karatasi. Askari alipelekwa Mbale, kwa bwana mkubwa wa upande wote wa mashariki, kujibu shitaka la ripoti ya uongo. Akipatikana na kosa, kazi imekwisha, na mke na watoto wana siku chache tu za kuhama kambi.

Nikaomba ruhusa nikamfuata. Katika gari la moshi nilipanga maneno yangu: nitasema kosa ni la mwalimu, nitasema waliandika kwa cheo badala ya wakati, nitaomba apewe nafasi ya kuandika upya. Tulikuwa tumepita Tororo, mlima wa Mbale unaonekana, ndipo wale samaki waliponijia. Alinunua samaki lini? Katika karatasi ya kwanza wamekaa aya ya tatu, nyuma ya ofisa na koplo, hawamsumbui mtu. Lakini akiandika sawasawa, kama nilivyotaka kumwombea, watakaa mahali pao. Kama alikwenda kwa wavuvi kabla mfungwa hajakimbia, basi aliacha zamu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeomba aseme.

Nilifikia kwa binamu yangu, mtaa wa Malukhu, pale Mbale.

Asubuhi nilimkuta askari nje ya ofisi, ameshika kofia mkononi, viatu vinang'aa. Ningeweza kumnong'oneza, "Samaki waache." Tulikuwa wawili tu. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za safari. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa haki au kwa woga.

Ndani, bwana mkubwa aliniangalia tangu kichwani mpaka miguuni.

"Wewe ndiye mwalimu? Umesoma mpaka wapi?"

"La sita, bwana. Sikulimaliza."

"Na hivi ndivyo unavyofundisha?" Aliinua ile karatasi.

"Nilifundisha nafasi, bwana. Mpango niliuacha. Hawa hupanga habari kwa cheo, mkubwa mbele. Niliona kwa macho yangu darasani, nikacheka."

"Ulicheka."

"Ndiyo, bwana."

Kisha akasukuma karatasi mpya na penseli mpaka ukingoni mwa meza. "Aandike tena. Hapa hapa. Wewe mwalimu, simama pale dirishani, na mdomo wako sitaki kuusikia."

Askari aliinama kwenye kiti. Toka dirishani niliona mkono wake, herufi sikuziona. Aliandika mistari miwili mitatu, akaacha ukuta. Akaandika neno moja, penseli ikasimama. Nilijua amefika wapi: kwenye samaki. Jasho lilimtoka, likadondoka karatasini, akalifuta kwa mkono wa shati. Akainua macho akanitazama mimi, si bwana mkubwa. Macho yake yalikuwa yanauliza kitu, na mimi nilikuwa na majibu mawili: waandike, au waache. Sikutikisa kichwa, sikukunja uso. Nilijikaza nisimsaidie hata kwa kope.

Akainama tena, akaandika.

Bwana mkubwa alisoma kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Asubuhi tulifika Wanyange na wafungwa wanane. Kabla mfungwa hajatoroka, mimi nilikwenda kwa wavuvi kununua samaki. Wakati nipo kwa wavuvi, mfungwa alikimbia. Baada ya hapo koplo alipiga filimbi, na mimi nilikimbia kutafuta. Baada ya yote ndipo bwana ofisa alifika na motokaa."

Akaiweka karatasi chini. "Uliacha zamu yako kwa ajili ya samaki?"

"Ndiyo, afande. Wawili tu."

"Ungesema koplo alikutuma."

"Hapana nituma, afande."

Bwana mkubwa alikaa akizungusha penseli. "Mwongo ningemfukuza leo," alisema mwishoni. "Mzembe namwadhibu. Kazi ya nje imekwisha kwako. Cheo usahau kwa sasa. Utabaki hapa Mbale, zamu ya ndani, na familia ikufuate." Mimi hakuniambia neno, wala sikuthubutu kuuliza.

Nje tulisimama kwenye ngazi, mimi na askari.

"Mwalimu," alisema, "ile karatasi ya kwanza ilikuwa nanificha vizuri sana."

"Ningeisoma siku ile, ningekuonya."

"Ungesema nini? Toa samaki?"

Aliniambia mkewe hajui lolote, yuko Jinja anangoja, na mimi ndiye ninayerudi na gari la mchana. Akatoa karatasi mfukoni, ya barua nitakayompelekea. Nikampa penseli yangu, akaikataa.

"Andika wewe. Mkono wangu nachoka."

Nikaiweka karatasi juu ya goti. "Nianze na nini? Wanyange?"

Aliwaza kidogo, anatazama upande wa kambi ya pale Mbale, ambako watoto wa askari wengine walikuwa wakicheza.

"Anza na nyumba," alisema. "Mwambie nyumba iko. Mengine nitamweleza mimi."