Kona ya Mjusi

Wakati wa vijiji vya ujamaa, barabara ya kwenda shamba la kijiji ilipangwa ipite katikati ya kibanja cha baba yangu, yaani shamba lake la migomba, huko Muleba, juu ya kaburi la babu. Baba hakupinga siasa. Aliomba tu barabara izunguke, akajibiwa kuwa maendeleo hayazunguki marehemu.

Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nikijua mambo mengi kwa juu juu. Hatua chache kutoka kaburini, kando ya migomba, kulikuwa na mwamba bapa wenye mashimo yaliyofuatana. Nikatangaza kwamba hizo ni nyayo za dinosaria, mjusi mkubwa kuliko nyumba, na kwamba serikali huhifadhi vitu vya namna hiyo. Mwenyekiti wa kijiji akavutiwa. Kijiji cha jirani kilikuwa na trekta. Sisi tungekuwa na hifadhi. Akamwita afisa utamaduni kutoka Bukoba. Afisa akiridhika, barabara ingepinda.

Asubuhi ya ugeni hatukuuona mwamba. Akina mama walikuwa wamekata nyasi laini na kuutandika wote, kama tunavyotandika ndani ya nyumba anapokuja mtu wa heshima. Kuzizoa mbele yake kungekuwa kumfukuza. Mwenyekiti alimpa mgeni punje za kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi yetu, akamkaribisha hifadhini.

Mgeni alitafuna, akatazama nyasi, akauliza nyayo ziko wapi.

“Umezikanyaga, ndugu,” alisema mwenyekiti.

Nilianza kueleza habari za matope ya kale kugeuka mawe. Baba akanikatiza, akamwomba mgeni avue viatu. Mgeni akavua, na soksi pia. Baba akamshika mkono, wakaenda taratibu, hadi mguu wa afisa ukazama mpaka kwenye kifundo.

“Huo wa kwanza,” alisema Baba. “Sasa tanua hatua. Alikuwa mrefu.”

Afisa akatanua, akazama tena. Walivuka mwamba mzima hivyo, na jirani yetu mmoja akauliza kwa Kihaya kama mjusi mwenyewe ndiye huyo.

Barabara ilipinda, na imepinda mpaka leo. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa miamba aliniambia kuwa mawe ya kwetu ni ya zamani kuliko mnyama yeyote mwenye miguu, na mashimo yale ni kazi ya mvua. Nilipompelekea Baba habari hiyo, aliuliza kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema bado.

Akaniambia nile ndizi, zinapoa.